Mkono Uliochoka Hauoni Dhahabu: Namna ya Kuipunguzia Ditekta Uzito

Katika machimbo ya Chunya na Geita, na ng'ambo ya mpaka huko Migori na Turkana nchini Kenya, wapo wachimbaji wadogo wasioshuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, wala kusubiri zamu ya karasha, mashine ya kusaga mawe. Kazi yao ni kutembea na ditekta, mashine ya kutambua madini ardhini. Hedifoni masikioni, macho chini, na koili, ile sahani ya mbele inayotafuta madini, ikipita juu ya udongo kulia na kushoto tangu umande unapokauka hadi jua linapoanza kulala.

Anayewatazama kutoka barabarani hudhani ni matembezi. Mashine yenyewe ni ya kilo mbili au tatu hivi, uzito wa kuku wa kienyeji aliyenona. Lakini piga hesabu. Ikiwa koili inachukua sekunde nne kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine, saa moja ina mipito 900. Siku ya saa sita ina mipito 5,400, yote kwa mkono mmoja na bega moja. Kufika alasiri, bega linawaka moto, kiwiko kinauma kwa nje, na vidole havikumbuki tena kama vimeshika kitu au la.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Mtu aliyechoka huinua koili bila kujijua. Asubuhi ilikuwa inakaribia kulamba ardhi. Saa tisa alasiri iko sentimita tano au nane juu, na mwisho wa kila mpito inapanda zaidi kwa sababu mkono unaitupa badala ya kuiongoza. Kila sentimita ya hewa chini ya koili ni sentimita iliyoibwa kwenye kina. Kwa punje ndogo hali ni mbaya zaidi, maana ishara hufifia kwa kasi: kama punje iko mbali ukilinganisha na ukubwa wa koili, kuongeza umbali huo mara mbili kunaweza kuishusha ishara hadi sehemu moja ya 64. Punje ambayo ingelia asubuhi inakaa kimya jioni, na mpimaji anapita juu yake na kwenda zake.

Kwa hiyo anayehangaika kuipunguzia ditekta yake uzito asionekane mvivu. Anatafuta dhahabu.

Kutoka kilo 14

Mashine hizi zimetoka mbali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland aliyekuwa Uingereza, alibuni kifaa cha kutambua mabomu ya ardhini ambacho askari mmoja aliweza kukibeba. Kilitumika El Alamein, Misri, mwaka 1942, kusafisha njia katikati ya mabomu ya Wajerumani. Uzito wake ulikaribia kilo 14, na bado kilihesabiwa kuwa chepesi.

Wapimaji wa dhahabu wa leo wanazifahamu zaidi mashine za Minelab, kampuni ya Australia. GPX 5000, iliyoingia sokoni mwaka 2010, ina uzito wa takriban kilo 2.4, na hapo betri haijahesabiwa, kwani hubebwa mgongoni na kuunganishwa kwa waya. GPZ 7000 ya mwaka 2015 ilizama chini zaidi kutafuta dhahabu, lakini ikapanda hadi kilo 3.3 hivi, na wengi wakaiona adhabu ikishikwa bila mkanda wa begani. Mwaka 2021 ikaja GPX 6000 yenye mpini wa nyuzi za kaboni, kilo 2.1 pamoja na betri yake. Kwa wanaotafuta sarafu na vitu vya kale huko Ulaya, kampuni ya XP ya Ufaransa ilikwishafika mbali zaidi: Deus yao haifiki kilo moja, na koili yake inawasiliana na mashine bila waya.

Mashine nyepesi, basi, zipo. Tatizo ni bei. Ditekta ya dhahabu ya daraja la juu inakula mamilioni ya shilingi, na mara nyingi anayeishika siyo mwenye nayo. Mashine ni ya tajiri. Mpimaji anatoa nguvu na ujuzi, kinachopatikana kinagawanywa. Hawezi kumwendea tajiri kila mwaka na habari ya mashine mpya, wala hana ruhusa ya kuitoboa au kuikata iliyopo. Marekebisho yanayomfaa ni yale yanayoweza kufunguliwa jioni na mashine ikarudi ilivyokuwa. Bahati nzuri, mengi ya maana ni ya aina hiyo.

Gramu za mbele si sawa na gramu za nyuma

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, uishike karibu na kifua. Kisha nyoosha mkono mbele nayo, uhesabu hadi mia. Maji hayajaongezeka, lakini kabla hujafika mia bega litakuwa limeshatoa taarifa.

Ditekta ina tabia hiyo hiyo. Nyuma mkono unaegemea kikombe cha kiwiko, katikati kiganja kinashika kishikio, na mbele kabisa inaning'inia koili. Kikombe ni egemeo, kiganja ndicho kinachonyanyua, na koili ndiyo mzigo. Tuseme kutoka kikombe hadi kishikio ni sentimita 30, na kutoka kishikio hadi koili, ukipima kwa mlalo, ni sentimita 90. Koili iwe na gramu 700. Ili isiguse chini, kiganja kinalazimika kunyanyua uzito unaolingana na kilo 2.8, mara nne ya uzito wa koili, huku sehemu ya juu ya mkono ikikandamiza kikombe kwa kilo 2.1. Na hapo uzito wa mpini wenyewe hatujauweka.

Betri ya gramu 700 ikikaa karibu na kiwiko, kiganja hakiijui kabisa. Mizani ya dukani itasema ni gramu zile zile, lakini mkono utakataa.

Kuna jambo la pili, ambalo halionekani mashine ikiwa imetulia. Koili haishikwi tu. Inarushwa kulia, inasimamishwa, inarudishwa kushoto. Nguvu ya kuanzisha na kuzuia mzunguko huo inakua haraka kuliko umbali: mzigo ukiusogeza mbali mara mbili, jitihada ya kuuzungusha kwa kasi ile ile inakuwa mara nne. Ndiyo maana mashine mbili zenye kilo sawa zinaweza kuwa dunia mbili tofauti mkononi. Moja imeweka uzito wake nyuma, nyingine imeutanguliza.

Kanuni ya kazi yote inatoka hapa: usianze na kilo za mashine nzima, anza na kilichoko mbele ya kiganja.

Koili kwanza

Jambo la kwanza halina gharama. Koili nyingi huvishwa kifuniko cha plastiki chini ili zisichubuke kwa mawe. Kati ya kifuniko na koili pana upenyo, na upenyo huo hula mchanga, tope, nyasi na vumbi jekundu. Ukipima asubuhi kwenye umande, maji nayo yanaingia na kubaki. Fungua kifuniko hicho, kigonge juu ya gazeti, uone kinachomwagika. Kila gramu ya udongo ule ilikuwa inanyanyuliwa kwenye ncha ya mbali kabisa ya mashine. Isitoshe, udongo wa Chunya na Geita una madini mengi ya chuma, hivyo uchafu huo unaweza kuiletea mashine kelele za bure. Kusafisha kifuniko mchana, wakati wa kula, kuwe desturi kama kubadilisha betri.

Kifuniko chenyewe kina uzito. Kipo kinene kilichotengenezwa kwa ajili ya miamba, na kipo chembamba. Ardhi ikiwa ya mchanga au shamba lililokwisha kuvunwa, chembamba kinatosha. Wapo wanaokivua kabisa. Hao wajue wanaweka rehani koili, ambayo ni ghali kuliko kifuniko.

Kisha ukubwa wa koili. Wapimaji wengi wanaamini koili kubwa ndiyo yenye dhahabu, kwa kuwa inazama chini zaidi kwa vipande vikubwa na kufunika eneo pana. Ni kweli kwa sehemu. Lakini koili ya inchi 11 inasikia vyema punje ndogo zilizo karibu na uso wa ardhi, inapenya kati ya visiki na mawe, na uzito wake ni mdogo kuliko ya inchi 14 au 18. Mwenye koili mbili anaweza kupanga siku yake: kubwa asubuhi, mahali pa wazi, misuli ikiwa bado na nguvu; ndogo mchana, kwenye vichaka na kingo za makorongo. Na anayenunua mpya atazame umbo. Koili yenye matundu katikati ni nyepesi kuliko iliyozibwa kama sinia, na upepo au nyasi ndefu haziivuti sana.

Hapa kuna hesabu ya kukumbuka. Kwa vipimo vyetu vya juu, ukipunguza gramu 100 kwenye koili, kiganja kinapumzika gramu 400.

Mpini na urefu wake

Mpini mrefu kupita kiasi ni kosa lililoenea, hasa mashine inapotoka mkono wa mtu mrefu kwenda kwa mfupi bila yeyote kugusa vifungio. Koili inakwenda mbali, na kila sentimita inalipwa na bega. Mpini mfupi mno nao unamkunja mtu mgongo.

Kupima ni rahisi. Simama wima, bega limelegea, kiwiko kimekunjwa kidogo karibu na mbavu. Koili ikae bapa juu ya ardhi, mbele ya vidole vya miguu, bila wewe kuinama wala kunyanyua bega. Ipitishe kulia na kushoto. Ikiwa unalazimika kunyoosha kiwiko ili ikae bapa, mpini ni mrefu. Ikiwa kiuno kinakunjika, ni mfupi. Kikombe kikumbatie mkono chini kidogo ya kiwiko, na mshipi wake ukazwe vizuri; kikilegea, vidole vinafanya kazi ya kuishika mashine isipinduke, na vidole ndivyo vinavyochoka kwanza.

Kuhusu kubadilisha mpini, ule wa nyuzi za kaboni unapunguza uzito na hautikisiki kama wa plastiki. Lakini sehemu ya chini, inayoshikana na koili, isiwe ya alumini wala chuma, na bolti yake ibaki ya plastiki. Fundi wa gereji anaweza kukuchongea bomba jepesi la alumini kwa bei poa. Likikaribia koili, mashine itakuwa inapima bomba. Waya wa koili nao uzungushwe kwa kubana kwenye mpini na ufungwe. Waya unaochezacheza huleta milio ya uongo.

Mzigo uhamie kiunoni

Mashine nyingine zimetengenezwa ili betri au kisanduku cha kuongozea kivuliwe na kuvaliwa kiunoni au mgongoni. Kama yako inaruhusu, tumia nafasi hiyo. Nyonga ina mifupa na misuli ya kubeba mizigo siku nzima, bega halina.

Kama hairuhusu, usirefushe waya wewe mwenyewe. Waya wa betri uliounganishwa kwa mkono unaweza kuleta kelele, kukatika katikati ya kazi, au kuunguza betri ya lithiamu, na betri ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa maji ya chupa. Zaidi ya hapo, ni mashine ya tajiri.

Kuna uzito mwingine ambao watu hawauhesabu: sululu ndogo, chepe, chupa za maji, betri ya akiba. Vikining'inia upande ule ule wa mkono wa ditekta, bega lile lile linabeba vyote. Sululu ihamie upande wa pili, nyuma, mbali na njia ya koili, na maji yakae mgongoni.

Rabba begani

Hakuna kinachosaidia zaidi kwa mashine nzito kuliko kuitundika. Viwanda vinauza mikanda maalumu: unavaa kama begi, ina mshipi wa kiunoni, na kutoka begani inashuka kamba ya mpira, yaani rabba, inayoshika mashine. Mkono unabaki na kazi ya kuongoza tu.

Asiyeweza kununua anaweza kutengeneza kwa begi imara lenye mshipi wa kiunoni na mpira wa tyubu ya baiskeli, ule unaofungia mizigo kwenye kareya. Siri iko katika mambo matatu.

La kwanza ni unene. Mpira mnene ni mgumu. Unaivuta koili juu kila unapotaka kuishusha bondeni, na jioni utakuwa umechoka kwa kupigana nao. Kata vipande vyembamba, unganisha virefu, jaribu kimoja, kisha viwili.

La pili ni mahali pa kufunga. Ukifunga kwenye kiwiko, umetundika nyuma na mbele bado inakuangukia. Tafuta sehemu ambayo mashine ikiwekwa juu ya kidole inasimama bila kuinama upande wowote. Kwa kawaida sehemu hiyo iko mbele ya kishikio. Funga hapo au karibu yake, kisha rekebisha urefu mpaka, ukiachia mkono, koili ielee sentimita mbili au tatu juu ya ardhi.

La tatu ni usalama, na hili lisipuuzwe. Maeneo ya dhahabu yamejaa maduara yaliyoachwa, mengine yamefunikwa na nyasi. Mtu akiteleza lazima aweze kujinasua na mashine kwa mvuto mmoja. Tumia kifungo cha plastiki cha kubonyeza, kama cha begi la shule. Usifunge fundo. Kifungo cha plastiki pia hakisumbui koili.

Mtego wa rabba ni kwamba uzito haukupotea, umehama tu. Begi lisipokuwa na mshipi wa kiunoni, bega lile lile linaubeba kwa njia nyingine. Mshipi ukikazwa vizuri juu ya nyonga, ndipo bega linapopona.

Vipi kuhusu kuweka uzito nyuma?

Fundi wa mtaani atakushauri ufunge risasi au mfuko wa mchanga nyuma ya kiwiko ili mbele ipande. Inafanya kazi, lakini gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa vipimo vyetu, ili kusawazisha koili ya gramu 700 unahitaji kilo 2.1 kwenye kikombe. Mashine ya kilo mbili na nusu imekuwa ya zaidi ya kilo nne na nusu! Kifundo cha mkono kitakushukuru kwa kuwa mashine haiinami tena. Bega halitakushukuru, kwa sababu ndilo linaloning'iniza jumla yote.

Gramu 300 nyuma zinapunguza mwinamo wa mbele kwa sehemu moja ya saba tu. Gramu 100 zilizoondolewa kwenye koili zinaleta nafuu ile ile, na jumla ya mashine inashuka badala ya kupanda. Uzito wa nyuma, basi, uwe suluhisho la mwisho na la kiasi, kwa mwenye maumivu ya kifundo cha mkono ambaye ameshafanya mengine yote.

Mwili nao una zamu yake

Mashine ikishakaa sawa, kilichobaki ni namna ya kuipitisha. Anayetumia mkono peke yake anamaliza misuli midogo. Anayegeuza kiuno na kifua, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, anatumia misuli mikubwa. Mpito mpana wa mita mbili unaonekana kuwa na maendeleo, lakini kwenye ncha zote mbili mkono umenyooka na koili imepanda. Mpito wa mita moja au zaidi kidogo, taratibu, kila mmoja ukipandana na uliotangulia, unafunika ardhi vizuri zaidi. Mashine za dhahabu zinapenda mwendo wa polepole hata hivyo.

Kubadilishana mikono kunahitaji wiki kadhaa za kuzoea, lakini kunagawa mipito ile 5,400 katika mabega mawili. Wawili wanaotumia mashine moja wapangiane zamu za saa moja, mmoja akipima na mwenzake akichimba. Ganzi ya vidole au maumivu ya kiwiko yasiyoisha baada ya kupumzika ni ya kupelekwa kwa mtaalamu wa viungo, siyo kumezewa dawa za maumivu kila asubuhi.

Jinsi ya kujua kama umefanikiwa

Usitegemee mizani, wala hisia za asubuhi, maana asubuhi kila mashine ni nyepesi. Tafuta kipande kidogo cha risasi, kama chubwi la nyavu za wavuvi. Risasi huitikia ditekta kwa namna inayokaribiana na dhahabu. Kifukie karibu na kambi, kwenye kina ambacho asubuhi mashine inakisikia kwa shida kidogo, na uweke alama. Nenda kazini. Saa kumi alasiri, kabla ya kuzima mashine, pita tena juu ya alama ile kama ulivyokuwa unapita shambani, bila kujikaza wala kuishusha koili kwa makusudi.

Ukikisikia, mkono wako na mashine vimepatana, na hakuna sababu ya kumsumbua tajiri. Usipokisikia, rudi mbele ya kiganja: kifuniko, ukubwa wa koili, urefu wa mpini, rabba. Badilisha kitu kimoja kwa siku, urudie jaribio. Ukifika mwisho wa orodha na chubwi bado liko kimya, ndipo una hoja ya kupeleka kwa mwenye mashine, na kipimo cha kumwonyesha kwamba kila alasiri anapoteza dhahabu aliyokwisha kuilipia.